Mkaratusi wa Tajiri

Kaa karibu, nikueleze kwa nini nilimkaripia fundi seremala wa Gisozi. Alikuwa anapasua mbao za mkaratusi, zinanukia, akasema, "Mti huu tajiri aliupanda mwenyewe shambani kwake."

Uongo! Nilikuwepo siku hiyo, nikiwa mtoto. Tajiri aliutumbukiza mche shimoni pamoja na mfuko wake wa plastiki, akapigwa picha, akawasindikiza wageni waliokuja kumtazama akipanda. Mama yangu, kibarua wake, akaung'oa. Tajiri akarudi.

"We mama, unang'oa mti yangu?"

"Mizizi iko ndani ya plastiki, bosi. Itakufa."

"Unanifundisha? Toka kwangu!"

Kazi ikaishia hapo. Hata hivyo mama aliupanda upya, akashindilia udongo, ndipo tukaondoka.

Ukipanda mche, chana mfuko kwanza, mizizi iguse udongo.