Matumbawe Arobaini na Barafu ya Mama Mkwe

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, Kilwa Masoko, nilifunga mlango wa nyuma wa gari na kuandika muda huo kwenye daftari. Ndani ya deli, lile sanduku la plastiki lenye kuta nene ambalo wachuuzi hubebea samaki, kulikuwa na lita sitini za maji ya bahari na vipande arobaini vya matumbawe hai, kila kimoja urefu wa kidole. Wenzetu wa Masoko walikuwa wameviotesha chini ya maji kwa miezi minane, wakatupa bila malipo. Kazi yangu ilikuwa kuvifikisha Lindi vikiwa hai kabla ya saa nne, wakati maji yamekupwa sana, ili vifungwe kwenye vichanja vya chuma ambavyo kikundi cha mke wangu kilikuwa kimeviteremsha baharini.

Mke wangu ni mwenyekiti wa kikundi hicho. Wenzake ni wanawake wanaotafuta pweza kwa miguu, na alikuwa amewaomba waache sehemu moja ya mwamba ipumzike mpaka matumbawe yashike. Walikubali kwa shingo upande. Mmoja alimwambia mbele ya kikao, "Haya, mama mawe, tunakusubiri. Mawe yako yakifa tunarudi na mikuki yetu." Mke wangu alirudi nyumbani akacheka alipokuwa akinisimulia, lakini usiku ule hakula.

Mimi ni fundi wa majokofu. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kuhusu matumbawe nilisoma miezi minne. Nilijua kwamba tumbawe ni wanyama wadogo sana walioshikamana, kwamba joto linawaua, baridi inawaua, na maji yasiyo na chumvi yanawaua upesi zaidi. Niliandika hatua kumi na moja za safari. Vipande visigusane. Pampu ndogo ya hewa iwe na betri ya akiba. Kipimajoto kisomwe kila nusu saa. Dumu moja la lita ishirini la maji ya bahari liwe la dharura. Vioo vya upande wa jua vifunikwe kwa kanga. Na kadhalika.

Abiria wangu alikuwa mama mkwe, aliyekuwa anakuja kwetu Mtanda, Lindi, kukaa mwezi mmoja. Kwa heshima ya ukwe hakuketi mbele pamoja nami. Aliketi nyuma, ubavuni mwa deli, kikapu chake mapajani. Kwa miaka kumi na tisa maongezi yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, na safari njema. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ndivyo tulivyolelewa, yeye na mimi: mkwe hasemeshwi ovyo, wala yeye hakuulizi umebeba nini.

Nangurukuru tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi. Nilishuka na kibali changu.

"Umebeba nini?"

"Matumbawe."

"Mawe?"

"Yako hai, afande."

Akamwita mwenzake. "Njoo umwone huyu. Ana kibali cha mawe yaliyo hai!" Walisoma karatasi ile mbele na nyuma, wakanitakia safari njema kwa kicheko. Dakika kumi na mbili zilipita. Nikaandika.

Tulikuwa tumeshika barabara ya kusini, bado hatujafika Kiranjeranje, niliposikia sauti ya nyuma.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Usikimbize gari hivyo kwa ajili ya samaki. Nimeshawatilia barafu."

Nilisimamisha gari pembeni. Alikuwa ameinunua pale kizuizini nilipokuwa nazungumza na wale mabwana. Pakiti sita kubwa, na zote amezichana, maana barafu ikibaki mfukoni, alisema, haimfikii samaki. Nilifungua deli. Kipimajoto kilichosoma nyuzi ishirini na saba tangu Masoko kilisoma ishirini na mbili. Nusu ya barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, maji matamu yameingia kwenye maji ya chumvi. Vipande vilikuwa vimeanza kutoa ute, kama bamia iliyokatwa.

Nilianza kuchota mabonge ya barafu kwa mikono na kuyatupa majanini.

"Khaa! Fundi wa friji anaogopa barafu?"

"Mama, si samaki. Ni matumbawe. Baridi inayaua."

Kisha akainama juu ya deli akatazama vizuri. "Matumbawe haya haya ninayoyapita kila siku? Gizani mimi nimedhani pweza wadogo. Si ungesema?"

"Sikusema, Mama. Kosa ni langu." Na ndivyo ilivyokuwa. Katika hatua zangu kumi na moja hakuna iliyomtaja mtu atakayekaa karibu na deli saa tatu nzima.

Nilizibua tundu la chini, maji yote yakamwagika barabarani. Nikavisuuza vipande kwa nusu ya dumu. Zikabaki lita kumi, na nilichokisoma kilisema vipande vizamishwe. Lita kumi zisingevifunika hata nusu. Nikasimama na dumu mkononi. Kurudi Masoko kungetukosesha maji kupwa, na bamvua nyingine, yaani maji kupwa makubwa kama ya leo, ilikuwa wiki mbili mbele. Nilimfikiria yule wa mikuki.

"Unasubiri nini?" aliuliza mama mkwe.

"Maji, Mama. Hayatoshi."

"Kwani ni lazima yaogelee? Siku ya bamvua kubwa matumbawe yanabaki nje, hata saa mbili, jua limesimama. Hayafi, madhali yana majimaji na kivuli. Yakikauka ndiyo yanakufa. Nimevua pweza tangu sijawa mwari, nayaona. Yafunike nguo yenye maji ya chumvi."

Hilo sikuwa nimelisoma popote. Lakini nilifahamu mara moja kuwa ni kweli, kama unavyofahamu jokofu limepona kwa kusikia mlio wake. Akatoa kanga mbili kuukuu kikapuni. Hapo nikakwama, kwa sababu sabuni nayo inaua.

"Mama, samahani sana. Hizi kanga... zimefuliwa kwa sabuni lini?"

"Leo mkwe ananiuliza nguo zangu zimefuliwa lini." Kisha akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Za kuendea pwani hizi, baba. Hazijui sabuni. Au umedhani nakuja Lindi kukaa mkekani? Nakuja kuvua."

Tulizilowesha, tukatandika moja chini, tukalaza vipande bila kugusana, tukafunika kwa nyingine. Sikuwasha kiyoyozi. Tulipoondoka yeye ndiye alikuwa na kipimajoto na kikombe cha maji mkononi. Namba alijifunza kwenye mizani ya kupimia pweza.

"Ishirini na tatu," alisema tulipopita Kiranjeranje. "Nimenyunyiza."

Tulipofika Mbwemkuru alisema, "Ishirini na tano. Huyu wa pembeni ute umepungua." Baada ya hapo alinieleza kwa nini pweza hapendi mwamba uliokufa, na jinsi mke wangu alipokuwa mdogo alivyolilia pweza wa kwanza aliyemvua mwenyewe, akitaka arudishwe majini. Miaka kumi na tisa sikuwahi kulisikia hilo. Kufika Mchinga ilikuwa ishirini na saba. Nilitamani barabara iwe ndefu kidogo, jambo ambalo halikuwa katika mpango.

Saa tatu kasoro dakika tano tuliingia ufukweni Rasbura, Lindi. Mke wangu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini pamoja na wenzake tisa. Alifungua deli, akaona kanga za mama yake badala ya maji, akanitazama.

"Muulize mama yako," nilimwambia.

"Mwanaume wako anaogopa barafu," alisema mama mkwe, akafunga kibwebwe, akaingia majini na vipande vinne vya kwanza. Vyote arobaini vilifungwa kabla maji hayajaanza kujaa.

Bamvua iliyofuata tulikwenda kuhesabu. Vitatu vilikuwa vyeupe, vimekufa. Thelathini na saba vilikuwa na rangi yao ya kahawia, na vingine ncha mpya. Yule wa mikuki alihesabu mwenyewe mara mbili, akasema, "Haya, mama mawe," lakini safari hii kwa sauti nyingine. Sehemu ile ya mwamba ikaendelea kupumzika.

Jioni nilitaka kumrudishia mama mkwe fedha yake ya barafu. Alikataa, akasema zawadi ya samaki hairudishwi, hata kama samaki wenyewe ni mawe. Kwa hiyo niliiandika kwenye daftari kama ilivyo. Hasara ya safari: vipande vitatu, na barafu pakiti sita, shilingi elfu tatu.