Sauti ya Mama Kinywani mwa Mado

Gogo la kilio, lile linalowashwa nyumbani kwa wafiwa, haliwaki kwa kishindo. Huungua polepole uani, na moshi wake hukaa kwenye vitenge hata vikishafuliwa. Harufu hiyo hunirudisha kwenye kiangazi alichofariki baba, katika komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Miezi hiyo Trésor, kijana mpangaji wetu, alikuwa akitengeneza filamu kwa kamera ya kuazima, na waigizaji wake walikuwa majirani. Alimwomba mama aigize mjane. Mama akakataa. "Kilio haiko ya kuchezea, mutoto yangu. Ukilia bila maiti, unaiita." Nafasi ikaenda kwa Mado, muuza samaki wakavu, rafiki wa mama.

Baba alipokufa, Trésor alikuja na kamera, akapiga magoti kando ya mkeka. "Mama, ni souvenir, kumbukumbu ya batoto tu." Mama aliitika kwa kichwa. Mado alikuwa amemshika mabega. Mama alilia kama wanawake wa kwetu wanavyolia, kwa maneno yanayokaribia kuimbwa, akiuliza ni nani sasa atakohoa mlangoni kabla ya kuingia, maana hiyo ndiyo ilikuwa hodi ya baba.

Filamu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, juu ya shuka jeupe. Nitasema kweli: ilikuwa nzuri. Fundi baiskeli aliyeigiza mume mlevi alituvunja mbavu, na Mado, beseni kichwani, alitembea kama mke aliyechoka kweli. Kisha mlevi akafa. Mado akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mama yangu mwenyewe, ile Trésor aliyoinasa kwenye kilio cha baba, ikiuliza ni nani atakohoa mlangoni. Baba, ambaye hakuonja pombe maisha yake yote, akawa analiliwa kwa jina la mlevi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. "Mado, weye! Unalia kupita benye kufiwa!" mtu akapaza sauti nyuma yetu. Mama alikaza kitenge chake kiunoni, akainuka. Mlangoni alimwambia Mado, "Unirudishie sauti yangu." Mado akacheka kidogo. "Ah, mama, ile ni cinéma tu." Halafu akatazama chini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile mama hakulia tena kwa sauti kwenye kilio chochote, hata nyanya alipofariki, na mashangazi wakasema ana moyo wa jiwe. Siku hizi simu huinuliwa juu ya jeneza bila mtu kuomba ruhusa, na hakuna anayeshangaa. Trésor aliomba, ndiyo maana bado inauma. Mwaka huu tumemzika mama, na sisi wenyewe hatukuwahi kurekodi sauti yake. Nikitaka kumsikia, naitafuta filamu ile kwenye simu, nafumba macho nisimwone Mado, nasikiliza.