Mkono Nje, Mimi Ndani

Harufu ya mafuta ya nyonyo ndiyo iliyonijulisha kwamba kumekucha, maana mwanga chumbani mwangu haukuingia. Bibi Tatu, mama yake mama yangu na ndiye kungwi wangu, aliingia kila alfajiri akanipaka kutoka utosini hadi nyayoni, akaniamuru nikae chini, akafunga mlango. Nilikuwa mwali. Kwetu Msimbu, enzi za Mwingereza, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani kufundwa, na hakutoka mpaka siku ya ngoma yake. Haonwi na mwanamume, hasemi na mwanamume, hata kaka yake. Akikosea, anaongezewa muda. Niliingia mpunga unapandwa. Sasa nilisikia wenzangu wakipita na nyungo kwenda kuupepeta, wanacheka, na hakuna aliyelitaja jina langu. Walikuwa hatua nne tu kutoka nilipokaa.

Msimu huo ndui iliingia Kurui, kijiji kisicho mbali nasi. Akaja mzungu mmoja wa kuchanja watu, juu ya baiskeli. Hakuwa daktari. Vitani alikuwa rubani wa ndege za kijeshi. Vita vilipokwisha akabaki Kisarawe, akawa anajitolea kumsaidia mganga wa zahanati, halipwi kitu. Watu walimwita Bwana Ndege. Nilimsikia uani akimwamkia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeanguka huko juu mpaka umepewa baiskeli?"

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, kisha akauliza nyumba ina watu wangapi.

"Umekuja kuchanja au kuposa?" bibi akamjibu. "Ni hawa unaowaona. Ukimaliza, nenda kwa jirani."

Hapo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mama yake, akasema, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mwali je? Ndui ikija, mlango utaizuia?"

Bibi akayapima yote mawili. Kunitoa ni kuharibu kazi yote. Kuniacha ni kunizika. Mwishowe akaingia na kisu, akabandua udongo wa ukutani katikati ya fito, tundu la kutosha mkono. "Toa mkono. Mdomo ufunge." Akatoka kumlinda yule mzungu asichungulie.

Nikautoa hadi begani. Jua likanichoma, nikakumbuka kumbe lipo. Kisha vidole vya mtu vikanishika. Akachanja. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Naumiza wewe?" Miezi yote ile niliamriwa tu, hakuna aliyeniuliza kitu. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Hapana. Wewe huko juu ulikuwa na nani?"

"Peke yangu," akasema. "Kiti moja tu. Rafiki zangu nasikia kwa redio. Halafu siku moja sisikii."

"Mwali kasema!" Bibi alipiga kelele kama aliyekanyaga nyoka. Mkono ukasukumwa ndani, tundu likazibwa kwa udongo mbichi, nami nikaongezewa mpaka mpunga mwingine uvunwe. Sikulia. Nilijua kosa langu.

Ndui haikuingia nyumbani kwetu. Nilipotolewa kwa ngoma, Bwana Ndege alikuwa keshahama, wala hakuna aliyejua alikokwenda. Sura yake siijui mpaka leo. Tungepishana njiani, ningempita.

Sasa nakaa Visiga kwa mwanangu, kando ya barabara kuu. Wajukuu zangu wa kike wanakwenda shule, hakuna wa kuwafungia ndani, na atakayejaribu atanikuta mimi kwanza. Bibi Tatu simlaumu; alinilea kama alivyolelewa. Na hata ule muda niliozidishiwa siulalamikii. Niliukaa nikimfikiria mtu katika kiti kimoja mawinguni, ametega sikio, na nilijua yuko mmoja duniani aliyeniuliza jambo akangoja nijibu. Hapa nyumba imejaa watu. Wajukuu hunipa shikamoo wakipita mlangoni, na marahaba yangu huwakuta wameshafika barabarani.