Mashua Iliyokunywa Maji

Juzi kule Masaka nilimwona mama mmoja akilowesha jembe ndooni ili mpini uvimbe na kukaza, nami nikanusa lami ambayo haikuwepo.

Kiangazi kimoja nilipokuwa mtoto, wazazi wangu walitengeneza upya mashua yao kuukuu iliyokaa juani muda mrefu uani kwetu Kabeza, wakaziba nyufa kwa pamba na lami, kisha wakaipeleka kwa lori Ziwa Muhazi, ili tuzunguke tena kusalimia marafiki wa ufukweni. Ilipogusa ziwa tu, maji yakapenya kila mahali. Wakaijaza mawe, ikazama. Nililia, nikidhani wameiua kwa hasira.

"Eeh, mafundi wa Kigali!" alicheka mvuvi mmoja. "Hiyo iko ya samaki sasa."

"Iache inywe, mzee," mama alijibu. "Jua limekausha mbao zake. Ikishiba haitataka tena."

Kesho yake mchana waliiinua, wakachota maji yaliyokuwa ndani, tukaondoka. Mama alikaa chini kabisa, sakafuni mwa mashua, akiwa amevaa kitenge chake kipya. Mvuvi alitufuata kwa mtumbwi hadi ng'ambo, akingoja tuzame.

Tulipofika, mama alisimama, akampa mvuvi mgongo ili akione vizuri kitenge. Kilikuwa kikavu. Nilishuka nikimwambia kila niliyemkuta ufukweni kwamba yule ni mama yangu.