Kindi wa Shamba la Mama

Mama alipopooza upande wa kulia, niliacha kibanda changu cha mitumba kule Manyatta nikarudi nyumbani, karibu na Pap Onditi, kumtunza. Kazi ilikuwa ileile kila siku: kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko. Alikuwa hasemi. Miezi ilipita nikiongea peke yangu.

Mvua iliponyesha nilipanda mahindi. Jua lilipokuwa kali, kindi akaja. Si yule mdogo wa mitini anayekula maparachichi. Huyu ni wa ardhini, mkubwa kama paka mdogo, ana mstari mweupe ubavuni na manyoya magumu kama ya brashi. Alifuata mstari wa mbegu zangu akifukua shimo baada ya shimo, akila huku amesimama kwa miguu ya nyuma. Nilimtupia bonge la udongo. Aliingia kwenye shimo lake, akatokea kwa mlango mwingine. Nilipanda tena, naye akafukua tena. Siku hiyo niliketi chini katikati ya shamba. Sikuwa na hasira. Nilichoka tu.

Jirani yetu, mzee anayetega fuko, aliniletea mtego wa waya. Mchana kindi akanaswa.

"Binti, usiweke mkono," mzee alinionya. "Hii kitu inauma mpaka mfupa."

Aliubeba mtego hadi mlangoni, mama alipokuwa ameketi akiota jua. Ndipo nikamwona kindi kwa karibu: meno ya mbele ya manjano, kucha ndefu za kuchimbia, macho makubwa, mbavu zikienda mbio. Nikamhurumia. Nikasema labda tumpeleke mbali, ng'ambo ya mto.

"Nege," mama akasema.

Muue, kwa Kijaluo. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Mdomo ulikuwa umepinda na sauti nzito, lakini ilikuwa sauti ya mwanamke aliyelima maisha yake yote.

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nililia, na hata sijui nililia nini. Akaondoka na mtego wake. Sikumuuliza alimfanya nini yule mnyama.

Kesho yake kindi wengine wawili walikuwa shambani. Sikupanda mara ya tatu, na mavuno yalikuwa haba. Mama aliendelea kupata maneno, moja moja, mengi yakiwa malalamiko: uji hauna sukari, godoro linamchoma. Nilimjibu yote, nimeinama juu ya beseni, mgongo ukiniuma.