Bhavasena na Sala ya Mizani

Siku hizi wasomaji wa sala barazani husoma kama watu waliokalia siafu. Mshtakiwa hajasimama vizuri, sala imekwisha, hukumu imetoka, kila mtu kwake. Ndiyo maana namkumbuka Bhavasena, Brahmana, kuhani aliyeisomea sala mizani ya mji wetu, hapa ukingoni mwa mto Narmada.

Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikwaruza kama mlango mkavu. Akialikwa kubariki harusi, wapishi hawakuwa na haraka ya kuwasha moto. Kanuni yake ilikuwa moja: ukimkatiza, anaanza upya. Watoto walipomwiga sokoni, aliwasimamisha awasahihishe, mpaka wakaacha wenyewe.

Mwaka mmoja Dhanaka, muuza mafuta, alimshtaki Madhuka, kikongwe aliyetunga maua ya hekalu, kwamba amemwibia taa ya shaba. Shahidi hakuwapo. Hakimu akaamuru mizani, maana wazee hawashikishwi chuma cha moto. Madhuka angepimwa kwa udongo hadi vitanga vilingane, ashushwe, sala isomwe, kisha apimwe tena. Kitanga chake kikipanda, hana kosa. Kisipopanda, mkono unakatwa. Na mtunga maua wa mkono mmoja atatunga nini?

Desturi ilitaka aoge mtoni na aje na nguo iliyolowa. Akapimwa huku akichuruzika maji, akashushwa, akasimama juani. Bhavasena akakohoa.

"Ewe mizani, unayeyaona tuliyoyaficha..."

"Mzee, fupisha kidogo," Dhanaka akasema. "Duka nimeliacha wazi."

"Umenikatiza, bwana. Ewe mizani..."

"Lo! Anaanza tena!"

"Ewe mizani..."

"Mheshimiwa hakimu, huyu atatuzeesha hapa!"

"Zeeka tu, baba," Madhuka akadakia. "Ukishtakiwa nawe utapimwa kama mimi, uepuke chuma cha moto."

Watu wakacheka. Bhavasena hakucheka. "Na wewe bibi umenikatiza. Ewe mizani..."

Dhanaka alilalamikia njaa, sala ikarudi mwanzo. Alilalamikia jua, ikarudi tena. Tope lililokuwa miguuni pa Madhuka likawa vumbi. Nguo yake ikakauka, ikaanza kupeperuka.

Sala ilipokwisha, alipandishwa. Kitanga chake kikapaa. Wanawake wakapiga vigelegele, na Madhuka akaondoka akipunga mikono yote miwili. Dhanaka akafungua mdomo, akamtazama Bhavasena, akaufunga.

Jioni nilimfuata njiani. "Mzee, uliijua habari ya ile nguo?"

Akasimama, akakohoa. "Swali zuri, mwanangu. Kabla dunia haijaumbwa..."

Nilivumilia mpaka milima ilipoanza kupewa majina, nikaaga. Yeye alishakufa zamani, tukamchoma, na majivu yake yameenda na mto. Juzi nilikuwa barazani. Walimpima mzee mmoja mfinyanzi, wakamshusha, wakampandisha tena, na maji bado yanamtiririka hadi visiginoni.