Darubini Ndogo ya Mama

Nikinusa mafuta ya cherehani, siwazi nguo. Nawaza bunduki. Usishtuke, msomaji wangu. Bunduki ya nyumbani kwetu, kando ya mji mdogo wa Sosiot, haikuwa ya kuua. Ilikuwa ya kurusha sindano ya dawa ya usingizi, na aliyekabidhiwa ni mama yangu, daktari wa mifugo. Hakuna mwanamke pale kwetu aliyewahi kukabidhiwa kitu kama hicho, kwa hiyo soko zima lilikuwa na maoni.

Ilikuja vipande vipande ndani ya sanduku: mtutu mrefu na mtutu mfupi, chupa ya gesi, na darubini mbili za kufungwa juu, moja kubwa na moja ndogo. Mama alivitandaza kwenye meza ya sebuleni, chai yetu ikahamishiwa jikoni. Mtutu mrefu aliuchukua mara moja, maana ng'ombe mwenye hasira hakaribiwi. Kwenye darubini ndipo alipotofautiana na Baba. Baba alikuwa mkulima wa majani chai na hakuwahi kushika bunduki maishani, lakini aliipenda ile kubwa kupita kiasi.

"Mama Chebet, na hii unaweza ona ng'ombe akiwa Nandi, mpaka uhesabu kupe," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

Mama akamjibu kwamba hakuajiriwa kuhesabu kupe, akaifunga ile ndogo.

Kuifunga kulichukua alasiri nzima. Alipangusa chuma kwa mafuta ya cherehani, kwa sababu mvua ya kwetu haina likizo na kutu haichelewi. Akakaza skrubu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kama fundi anayefunga gurudumu la gari. Akaning'iniza uzi wenye nati kwenye paa la baraza, akaizungusha darubini mpaka mstari wa msalaba wake ukalala sawasawa juu ya uzi. Kisha akafumba macho, akaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, akafumbua. Akiona duara jeusi kando ya kioo, aliisogeza mbele kidogo na kuanza tena. Mwishowe tuliweka katoni ya unga kwenye ua wa ng'ombe, akarusha sindano zenye maji na kurekebisha, mpaka zote zikawa zinatua mahali ninapoweza kufunika kwa kiganja changu. Nilijiona binti wa jemadari.

Haikupita muda fahali wetu akashikwa na wazimu. Tulimwita Karani, kwa vile alitembea polepole akikagua kila kitu. Asubuhi hiyo alikagua mzinga wa jirani, akauangusha, na nyuki wakamfundisha adabu. Alipasua ua, akaingia kwenye shamba kubwa la chai, akairusha pikipiki ya msimamizi mtaroni. Wachumaji walitupa vikapu na kukimbia. Tulipofika, askari alikuwa amesimama njiani na bunduki ya kweli.

"Daktari, mimi niko na amri," alisema. "Hiyo sindano yako ikikosa, napiga risasi."

Nililia. Karani nilimnywesha maziwa kwa ndoo tangu akiwa ndama, na sasa alikuwa amesimama katikati ya michai, akitoa povu na kuchimba udongo. Mama alipiga goti, akaweka jicho kwenye darubini. Watu wakainua simu juu. Akalenga. Akaendelea kulenga. Halafu akaishusha bunduki.

"Ameogopa," mtu mmoja nyuma yangu akasema. "Si niliwaambia?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama hakugeuka kumtazama mtu. Aliinama, akateremka haraka kati ya mistari ya chai, akazunguka kuelekea upande mwingine, na wengi wakadhani anatoroka. Askari akaikoki bunduki yake. Ndipo tukasikia mlio mdogo, kama mtu aliyetema mbegu, na sindano yenye mkia wa rangi ya waridi ikawa inaning'inia kwenye paja la Karani. Alitazama nyuma kama aliyekosewa heshima. Akatembea kidogo, akayumba, akapiga magoti, akalala.

Baba alitokea sijui wapi, akawahi kumshika kichwa asikabwe na ulimi. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka vikarudi kutoka ng'ambo ya bonde. Askari mwenyewe ndiye aliyebeba sanduku la Mama hadi kwenye gari. Jioni Karani, baada ya kuzinduliwa, alirudi nyumbani akipepesuka nyuma ya Baba, nami nikatembea mbele yao nikipunga mkono kwa kila mtu.

Miaka ikapita. Watu waliendelea kumtania Mama kwamba mara ya kwanza mkono ulimtetemeka, naye alicheka pamoja nao. Nami nikasomea kazi yake. Mwaka nilipokabidhiwa bunduki yangu, nilikuwa nimekaa baraza ile ile nikichagua darubini, nikamuuliza kwa nini siku ile aliishusha.

"Muulize baba yako," alisema.

Baba alitazama kikombe chake. "Nilikuwa nimezunguka kumwimbia Karani," akasema.

Kwetu mwanamume humwimbia fahali wake, na fahali huijua sauti yake. Baba aliamini Karani angemsikiliza yeye kabla ya dawa, kwa hiyo alijipenyeza bila kumwambia mtu, akachutama ndani ya michai nyuma kabisa ya Karani, akiimba kwa sauti ya chini.

"Niliona kofia yake hapo kwa ukingo wa darubini," Mama alisema. "Na ile darubini kubwa ningeona paja la Karani peke yake, na sindano ikikosa ingempata baba yako. Na ningepiga kelele, huyo ndume angegeuka amkute hapo. Kwa hivyo nikazunguka."

Nilimuuliza mbona hakuwaambia watu. Akasema, "Wangemcheka baba yako mpaka leo."

Niliirudisha ile darubini kubwa kwenye sanduku, nikachukua ndogo.